Siku za Mama

Mama alipotimiza miezi mitatu wodini, muuguzi alinijia na kile kidude cha kubonyezea dole gumba.

"Dada Mkamburi, siku zako zimeisha."

Kila siku anayolazwa mzee katika hospitali ya serikali, mtu wa damu yake hukatwa siku moja ya matibabu ya uzeeni mwake. Zangu zote nilikuwa nimempa Mama. Mimi nikizeeka, nitafia nyumbani.

Nikampigia simu kaka yangu Mwakio.

"Siku siwezi, dada. Lakini likitokea la kutokea, mahema na ng'ombe niachieni mimi."

"Mama bado anakunywa uji, Mwakio! Unamchinjia nani?"

Nikakata simu.

Muuguzi hakuondoka. Alikuwa akimtazama binti yangu Mghoi, wa miezi saba, niliyempakata akinyonya dole gumba.

"Huyu anazo zake zote," alisema kwa upole. "Sheria inaruhusu."

Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kumtamkia mtu. Alibaki palepale, kidude mkononi.

Mama akakohoa, akaomba maji.

Nikamtoa Mghoi kidole mdomoni, nikakifuta kwa leso yangu mpaka kikakauka.