Dole Gumba Kwenye Injini

"Ni oili mbovu tu, mdogo wangu," kaka alisema kabla fundi hajaigusa pikipiki yangu. "Badilisha, utaniambia."

Fundi alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakunja uso. Oili ilikuwa imeungua, nyepesi kama chai.

"Injini hii inapozwa na upepo," aliniambia. "Oili ikichemka hivi, ujue kuna mahali upepo haupiti."

Akachuchumaa, akakwangua rangi ya fedha kwenye mapezi yanayopoza injini. Katikati ya mapezi palijaa gundi ya chuma, na pale ilipobanduka, ufa ulichungulia.

"Huyu aliyekuuzia alijua. Kaikandika kwa mkono wake. Tazama."

Nikainama. Kwenye gundi iliyokauka palikuwa na alama ya dole gumba, kovu limeikata katikati. Kovu hilo nalijua. Kaka alilipata akinifungulia kopo la maziwa, mimi mtoto nalia njaa.

"Siwezi kukuuzia mbuzi kwenye gunia," aliniambia siku aliponikabidhi pikipiki. "Wewe ni damu yangu." Nami, mjinga mimi, nikamshukuru.

Nikageuka. Kaka alikuwa amekunja ngumi, dole gumba kalificha ndani.