Kikombe cha Ndugu

"Wakikucheka tena leo," Ambrose alionywa asubuhi, "nafasi ya kuigiza muovu ataichukua mwingine."

Sasa, jukwaani, mbele ya umati wa London uliokuwa ukitafuna njugu, alipiga magoti na kumwombea ndugu yake maisha marefu, machozi yakimtiririka. Kisha akawageukia watazamaji, akatabasamu kidogo, na kutia sumu kikombeni.

Hakuna aliyecheka.

"Usinywe, bwana!" muuza matufaha alipiga kelele. "Mnafiki huyo!"

"Mchezo tu, mama," mtazamaji wa kando yake alimwambia.

"Mchezo gani? Hebu yatazame macho yake!"

Aliyeigiza ndugu ndiye aliyekijaza kikombe bia, nyuma ya pazia. Hata sumu yenyewe ilikuwa unga wa ngano. Alikiinua hadi midomoni, akamtazama Ambrose, akakirudisha mezani taratibu.