Dirisha la Siri

Mwandishi aliifuta ile sentensi kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu mtaalamu akampigia simu.

"Umeitoa tena," alisema. Alikuwa mwalimu wa kompyuta chuoni, mama wa sauti ya upole, na makala nzima ilikuwa imetoka kinywani mwake. "Dirisha la siri la kivinjari linakuficha kwa mtu atakayeishika simu yako baadaye, basi. Mwenye intaneti ya nyumba bado anaweza kuona tovuti ulizoingia. Usipoandika hilo utawaponza watu."

"Nafasi, mwalimu. Ukurasa umejaa."

Uongo mtupu. Mhariri alikuwa amemwambia kuna nafasi ya mistari minne iliyobaki tupu chini ya picha, ajaze anachotaka. Lakini mwandishi alikuwa na kichwa cha habari alichokipenda kama kifungua mimba wake: DIRISHA LA SIRI, HAKUNA ATAKAYEJUA. Kichwa cha namna hiyo hakitaki "lakini" chini yake.

Jumanne gazeti likatoka. Jumatano mdogo wake akamfuata ofisini, amejifunga skafu shingoni na joto lote lile. Mwandishi hakuuliza kuna nini chini ya skafu. Ukoo mzima ulijua, na ukoo mzima ulikuwa na neno moja tu la kumpa: vumilia.

"Kaka, nina dakika kumi. Nimeaga naenda dukani." Alikunjua ukurasa uliokatwa gazetini. "Hii ni kweli? Maana simu yangu mume wangu anaikagua kila jioni, ujumbe mmoja mmoja. Akijua nataka kuondoka ataniua. Sisemi kwa hasira, kaka. Ataniua."

"Jina langu si lile pale juu? Ningeandika uongo?"

"Mimi mambo haya siyajui. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akamwelekeza taratibu, kama alivyomfundisha kusoma saa walipokuwa wadogo. Gusa hapa, sasa hapa, ukimaliza funga. "Na tumia intaneti ya nyumbani kwenu. Bando lako la nini kulimaliza bure?"

Mdogo wake akacheka. Ilikuwa siku nyingi hajacheka. "Nasikia kuna mahali wanapokea wanawake na watoto wao. Sijui hata ni mtaa gani. Kesho akienda kazini nitatafuta."

"Ukipapata usimwambie mtu," mwandishi alisema. "Hata mimi usiniambie."

Akamshika mkono, akambusu kiganja, akaondoka mbio kuwahi duka.

Jioni ile mke wa mwandishi alikuwa na yake. Mwenye chumba chao alikuwa amekuja tena: mwisho wa mwezi watoke. "Watoto watatu hawa nitawalaza wapi, kwenye gazeti lako?" Kisha akauliza kwa nini wasimwombe shemeji, mume wa huyo mdogo wake, ile nyumba ndogo ya uani inayokaa tupu mwaka mzima. Mwandishi akasema anakula, aachwe ale.

Alhamisi mdogo wake alipata alichokitafuta. Geti la bluu, nyuma ya soko la mitumba. Wageni wapya wanapokelewa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Alilifunga dirisha la siri, akafungua tena kuhakikisha. Jeupe. Hakuna kilichobaki. Alikaa kitandani akitokwa machozi ya furaha, huku binti yake wa miaka mitano akimuuliza analia nini.

Jioni mumewe aliipekua simu, hakukuta kitu, akamrudishia. Akaisifu hata chai.

Jumatatu alimshika binti mkono, akatoka na mfuko mmoja tu, kama mtu aendaye sokoni. Waliivuka mitumba, wakakata kona. Geti la bluu lilikuwa pale pale lilipoandikwa. Gari la mumewe lilikuwa mbele ya geti, injini inanguruma taratibu, mlango wa nyuma uko wazi.

"Baba!" mtoto akaita, akamchomoka mama yake mkononi na kulikimbilia gari.

Mchana huo mtaalamu alimpigia mwandishi kwa mara ya nne. Wanafunzi wake walikuwa wamemshambulia darasani kwa ile makala. "Nakuomba basi, toleo lijalo weka masahihisho. Mistari miwili tu. Kuna mtu huko nje anaweza kuumia."

"Toleo lijalo bila shaka, mwalimu," alisema mwandishi, na kwa mara ya kwanza alimaanisha.

Alipoweka simu mezani, ujumbe ukaingia.

"Nimewakuta getini, tumesharudi nyumbani. Makala imefanya kazi, shemeji. Funguo za nyumba ya uani nimemwachia mlinzi wa hapa kwangu."

Mwandishi akampigia mke wake, akamwambia aanze kufunga mizigo.