Makofi Mawili

Mkono wa chuma ulinyanyua tairi jipya, ukaligeuza, ukalipiga makofi mawili ya taratibu, kisha ukaliweka kwenye lori. Kibwana akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mainjinia walipomrekodi akipakia matairi ili mashine ijifunze kwake, hakukumbuka kuwaambia makofi hayo wayaruke.

“Mzee Kibwana, hayo makofi yanapima nini?” aliuliza injinia Zamda.

“Hayapimi kitu, mwanangu. Nilikuwa naliaga tu, likabebe watu salama.”

“Basi niyafute. Yanatuchelewesha.”

“Yafute tu,” alisema Kibwana, akinyoosha mgongo ambao siku hizi haukumuuma tena.

Zamda akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Tairi jingine likafika chini ya mkono. Kidole kikabaki hewani, wote wawili wakisubiri makofi.