Mieleka ya Alhamisi

Tulikuwa tunahama Kariakoo. Nilifungua boksi la glasi lililokaa juu ya kabati zaidi ya miaka ishirini, kuangalia kama bado ni nzima. Gazeti lililofungia glasi ya kwanza lilikuwa na ratiba ya televisheni.

"Hebu nisomee," alisema mume wangu, Anselmi, akaacha kufunga kamba. "Enzi zile tuliijua kwa kichwa. Jumatatu tamthilia, Alhamisi saa tatu mieleka. Siku hizi chaneli mia mbili na hakuna cha kuangalia."

Nilicheka, mpaka nilipoiona tarehe.

Ilikuwa Alhamisi aliyofariki mtoto wetu wa kwanza, mikononi mwangu, hospitalini. Usiku ule nilimtuma jirani amwite Anselmi. Jirani aligonga mlango wa nyumba yetu mpaka akachoka. Asubuhi Anselmi alikuja analia, akasema mieleka ilipoisha alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Nilimwamini.

Chini ya ratiba kulikuwa na tangazo dogo. Kituo kilichokuwa kikionyesha mieleka kilikuwa kinahamia chaneli nyingine, hivyo siku hiyo kisingekuwa hewani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kesho yake.

Niliunyoosha ukurasa juu ya goti, nikampa.

Alisoma. Kidole gumba chake kikaanza kukunja pembe ya gazeti, taratibu, kisha kuikunjua.

"Mke wangu," alisema, "hayo ni mambo ya zamani."

Sikumuuliza alikuwa wapi.

"Huyo mwanamke anaitwa nani?" nilimuuliza.