Mawe ya Jemadari

Naapa kwa sharubu zangu, humu hamna neno hata moja la uongo.

Fundi makufuli mstaafu aliingia kwake Jumapili mchana, akavua kofia, akaitupia msumari ulio nyuma ya mlango kama alivyofanya kwa miaka arobaini. Kofia ikaanguka sakafuni. Msumari haukuwepo.

"Nani kang'oa msumari wangu?"

Akapiga hatua zake sita hadi dirishani, akageuka, akajishusha bila kutazama. Bahati yake ukuta ulikuwa karibu. Kiti kilikuwa kimetoweka, na mahali pake limesimama kabati la vyombo, limemtolea macho kama mpangaji mpya.

Damu ilikuwa inamchemka tangu safarini. Siku tatu nzima alikuwa kwa dada yake, eti kufuli la stoo limekwama. Kufika, likafunguka kwa ufunguo wake lenyewe, mara ya kwanza, na dada mtu akamng'ang'ania asiondoke.

"Shikamoo, mzee."

Juu ya ngazi palikuwa na mtu mrefu, ovaroli imetapakaa rangi.

"Shika brashi yako. Kiti changu kiko wapi?"

"Kile kinacholia ukikikalia?"

"Hakilii. Kinaongea na mimi."

Binti yake, muuguzi, akatokeza kutoka jikoni akijifuta mikono. "Tunapaka rangi, baba. Halafu leo Jemadari anarudi tangini. Wageni wake nimeshawatia."

Jemadari alikuwa samaki wa bluu, hazidi urefu wa kidole, lakini tangi zima la maji ya chumvi alilihesabu shamba lake. Mwenzake wa kwanza alitafunwa mkia kabla ya jua kuzama. Wa pili alijibanza nyuma ya pampu mpaka njaa ikamuua. Mzee alimtukana Jemadari kila asubuhi, na alimpenda kuliko majirani wote.

Wachumba wa binti nao walikuwa wawili. Wa kwanza aliulizwa mlangoni mshahara wake, mshahara wa baba yake na namba ya viatu vyake, akaaga kabla hajakaribishwa. Wa pili alifika hadi ndani akaketi, tena kwenye kiti cha dirishani. Aliondoka na kiatu kimoja.

Mwezi uliopita binti alipomtaja wa tatu, dereva wa gari la wagonjwa, mzee aligonga meza vikombe vikaruka. "Siku atakayovuka kizingiti hiki, nanyoa sharubu."

"Nina miaka thelathini na sita, baba. Wa nne simtafuti."

"Basi na akae huko huko." Hata picha yake alikataa kuitazama.

Sasa alizunguka nyumba nzima akifoka. Redio aliikuta juu ya friji. Kitanda chake kimegeuzwa, kichwa kimekwenda miguuni. Sukari imehamia kwenye mkebe wa majani ya chai, na majani ya chai hayajulikani yalipo.

"Wewe mrefu, shuka. Kabati hili linaondoka sasa hivi. Shika huko."

Wakalibeba. Mzee alihema, akalaani, akakanyaga kidole chake mwenyewe.

"Inua kwa magoti, mzee, mgongo uache," yule mrefu alisema. "Mimi nimezoea. Mizigo yangu mingi huwa inalalamika njia nzima."

"Nani kakuuliza?"

Kiti kilipatikana chini ya turubai. Yule mrefu akakipangusa, akakiweka dirishani, wala hakukikalia. Kisha akapigilia msumari pale pale penye tundu la zamani. Mzee akaitupa kofia. Ikanasa. Akaguna, na guno hilo lilikuwa dogo kuliko yote ya siku hiyo.

Binti akaleta viazi na samaki wa kukaanga, sahani mbili, moja huku mwanzo wa meza na nyingine kule mwisho. Mzee alisema chumvi imezidi, akala mpaka akalamba vidole.

"Angalau wewe unajua kubeba," alimwambia mrefu, mdomo umejaa. "Vijana wa siku hizi hata kikombe kinawashinda."

Ndipo wakaenda kwenye tangi. Utaratibu ulikuwa wa mzee mwenyewe, binti aliukariri tangu utotoni: mtoe mbabe siku tatu, mweke kwenye beseni lenye pampu ya hewa, hamisha kila jiwe, tia wageni, mrudishe mbabe, kisha nyunyiza chakula pembe mbili zilizo mbali. Akihangaika kutafuta shimo lake, hapati wasaa wa kung'ata.

Jemadari akamiminwa. Akaenda kushoto, akarudi kulia, akalizunguka kila jiwe kama mlevi aliyesahau mlango wake. Samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wakampita puani wakidonoa chakula.

"Tazama mpumbavu huyo," mzee alisema, bado ana hasira. "Wageni wako ndani kwake siku tatu, yeye anagombana na mawe."

"Na akishawaona?" mrefu akauliza.

"Atafanya nini? Atakuwa keshakula nao."

Binti aliingia bafuni, akarudi na wembe, sabuni na kioo kidogo, akavipanga mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba," yule mrefu akasema, mara ya pili siku hiyo.

Na zile sharubu nilizoziapia pale juu, msizidai: ndiyo kwanza zinaota upya.