Kijiti cha Fedha

Jumamosi ya kabla ya harusi yangu, katika sinagogi la wakwe zangu pale Petah Tikva, Israeli, baba yangu Saadya aliitwa mbele kwenye Torati. Alitoa baraka, akashika kijiti cha fedha cha kufuatia mistari, akaanza kusoma.

Kwetu, Wayahudi wa Yemen, anayeitwa husoma mwenyewe. Kwao, Wayahudi wa Ulaya, aliyeitwa hutoa baraka tu, akanyamaza, msomaji wao akasoma. Nilijua. Sikumwambia.

Sauti ilimtoka kooni kabisa, pamoja na zile herufi nzito, kama za Kiarabu, ambazo wao waliziacha zamani.

"Huyu anasoma Torati au Kurani?" mtu akauliza nyuma yangu. Benchi zima likacheka.

Baba mkwe akaniinamia. "Kamtoe mzee wako, taratibu. Msomaji tunaye."

Nikapanda jukwaani. Ningeweza kusimama tu kando yake. Nikakishika kile kijiti, juu ya vidole vyake. Fedha ilikuwa imeshapata joto la mkono wake.

"Inatosha, baba."

"Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Hujakosea. Waachie tu."

Akakiachia. Msomaji akaurudia mstari uleule tangu mwanzo, mbiombio, mpaka mwisho. Ikabaki baraka ya kufunga, ambayo ni ya aliyeitwa.

Baba akanitazama mimi, si kitabu. Akaitamka kwa lafudhi yao, herufi kwa herufi, bila kuteleza hata mara moja.

Watu wakaitikia amina. Yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.